Luigi Amedeo, afisa wa majini aliyekipa jina kilele cha Ruwenzori

Asubuhi isiyo na mawingu, wakaaji wa Beni na Mutwanga wanaona theluji ya Ruwenzori upande wa mashariki. Kilele chake kikubwa, chenye meta 5 109, ndicho kirefu kuliko vyote katika Congo, na mpaka wetu na Uganda unapita hapo. Kinaitwa Margherita, jina la malkia wa Italia. Aliyelileta ni Luigi Amedeo, Duki wa Abruzzi, mwanajeshi wa majini.

Alizaliwa Madrid mwezi wa kwanza 1873, wakati baba yake alikuwa mfalme wa Hispania. Siku chache baadaye baba aliacha kiti, jamaa ikarudi Italia. Mtoto aliingizwa katika jeshi la majini akiwa angali mdogo sana.

Zamani zile, jeshi na milima vilikwenda pamoja. Maafisa Waingereza walipanda Himalaya wakiwa na askari wao Wagurkha wa Nepal. Luigi Amedeo naye alitumia likizo zake milimani. Mwaka 1897 alifika juu ya mlima Saint Elias, kule Alaska. Mwaka 1899 alielekea Ncha ya Kaskazini, lakini baridi ilimharibu vidole, na msaidizi wake Umberto Cagni ndiye aliyeendelea mbele.

Ruwenzori ilikuwa bado haijashindwa. Mwaka 1889, Stairs, afisa wa msafara wa Stanley, alijaribu kutokea upande wetu wa Semuliki, akarudi njiani. Mwaka 1906 duki alipitia Mombasa, Entebbe na Fort Portal. Mamia ya wapagazi walibeba mizigo. Kule juu, kwenye matope na baridi, waliotegemewa ni Wakonzo, ndugu za Wanande wetu. Tarehe 18 mwezi wa sita, katika ukungu mzito, duki alifika kileleni pamoja na Petigax, Ollier na Brocherel, waongozaji wa milima ya Alpi.

Kisha akagawa majina: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi. Lakini Wakonzo na Wanande walikuwa na jina lao kwa theluji hiyo, Nzururu, na waliiheshimu kama makao ya Kitasamba. Mlima ulikuwa na wenyewe kabla ya ramani. Hakuna kilele kilichopewa jina la mpagazi hata mmoja.

Mwaka 1909 alijaribu K2 bila kufaulu, ila kwenye mlima Chogolisa alifika karibu meta 7 500, juu kuliko mtu yeyote aliyejulikana wakati ule. Katika vita vya 1914 aliongoza manowari za Italia hadi 1917.

Mwisho wake ulikuwa Afrika. Alianzisha mashamba makubwa ya pamba na miwa kando ya mto Shebelle, katika Somalia iliyotawaliwa na Italia. Alipougua sana, alichagua kufia huko badala ya Italia. Aliaga dunia tarehe 18 mwezi wa tatu 1933, akazikwa huko huko.

Picha alizopiga Vittorio Sella katika msafara wa 1906 zinatumika leo na wataalamu kupima barafu iliyoyeyuka, na sehemu kubwa imekwisha. Kwa sababu ya vita, wachache wanapanda kutokea Mutwanga. Vijana wa Beni wanaweza kuukuta mlima bila Nzururu, umebaki na jina la malkia ambaye hakuwahi kuuona.