Edward Steere (1828–1882): Tahajia, Umbo la Neno na Somo la Kiingereza Bariadi

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London, akatunukiwa udaktari wa sheria mwaka 1850, kisha akauacha uwakili na kuingia katika ukasisi. Mwaka 1863 aliondoka Uingereza pamoja na Askofu William Tozer, na mwaka uliofuata wakaweka makao ya misheni yao Unguja.

Huko alikuta lugha yenye fasihi kongwe iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Kama Krapf aliyemtangulia Mombasa, alitumia herufi za Kirumi, akizifungia kanuni nyepesi: irabu zisomwe kama za Kiitalia, konsonanti kama za Kiingereza. Kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Humo hakuishia katika sauti; alizipanga nomino kwa viambishi na upatanisho wake, na vitenzi kwa minyambuliko yake. Aidha, ingawa hakufika Unyanyembe, alichapisha mkusanyo wa sarufi na msamiati wa Kinyamwezi cha huko.

Kazi hiyo ya mwisho inatugusa moja kwa moja, kwa kuwa Kinyamwezi ni ndugu wa karibu wa Kisukuma, lugha kuu ya Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Mtoto wa Bariadi ajuaye munhu na bhanhu hahitaji juhudi kubwa kutambua m- na wa- katika mtu na watu. Uchambuzi wa umbo la neno anao tangu nyumbani.

Tatizo huanza anapokutana na Kiingereza. Tahajia ya Kiswahili imemzoeza kuandika anachokisikia; kwa hiyo sign huliandika kama Kiswahili kilivyolikopa: saini. Akikaririshwa tu, ile g huwa mzigo usio na sababu. Lakini sign ikiwekwa kando ya signature na signal, ambamo g hutamkwa, hudhihirika kuwa herufi hiyo ni alama ya mzizi mmoja, signum wa Kilatini. Tahajia ya Kiingereza mara nyingi huhifadhi mofimu na historia ya neno hata pale matamshi yanapobadilika.

Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874, akasimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa humo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliteua Kiunguja, lahaja aliyoishughulikia, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Hata hivyo, madarasa yetu yamerithi nusu tu ya urithi wake. Yameshika somo la sauti na herufi, yakaliacha somo la mzizi na kiambishi. Mwalimu wa Kiingereza wa Bariadi akilirejesha hili la pili, atakuwa anajenga juu ya maarifa ambayo mwanafunzi wake tayari anayo.