Leibniz, mtu wa 0 na 1

Wanafunzi wenzetu, mara mingi tunauliza darasani: hesabu hii itatusaidia nini? Hata Leibniz, mutu mwenye akili vile, aliulizwa swali hilo.

Gottfried Wilhelm Leibniz alizaliwa Leipzig, katika Ujerumani, mwaka 1646, katika jamaa la Kilutheri. Baba yake, mwalimu wa chuo kikuu, alikufa mtoto akiwa na miaka 6 tu. Lakini aliacha vitabu, na kwa kuvisoma mtoto alijifundisha Kilatini yeye mwenyewe. Kisha alisoma sheria, na toka mwaka 1676 akatumikia watawala wa Hannover.

Sisi tunaandika hesabu kwa alama 10, toka 0 mpaka 9. Mwaka 1679 Leibniz aliandika namna ya kuhesabu kwa 0 na 1 peke yake. Moja ni 1, mbili ni 10, tatu ni 11, ine ni 100. Sasa muandike sifuri mpaka saba, moja chini ya ingine: 000, 001, 010, 011, 100, 101, 110, 111. Mutazame kutoka juu kwenda chini. Safu ya kuume inarudia 0, 1. Ya katikati inarudia 0, 0, 1, 1. Ya kushoto ina 0 mara ine, kisha 1 mara ine. Mukiendelea mbele, mutaona kila safu inarudia nyuma ya hesabu 2, 4, 8, 16, vile vile bila mwisho. Tena muandike sifuri, tatu, sita na tisa: 0000, 0011, 0110, 1001. Safu ya pili toka kuume ni 0, 1, 1, 0, na itarudia hivyo kwa 12, 15, 18 na 21. Leibniz aliyaona hayo yote.

Mwaka 1701 alituma kazi hiyo kwa Akademia ya Sayansi ya Paris. Wakubwa wale walitaka kwanza kuona faida yake. Hakuiacha. Mwaka 1703 aliituma tena, ikachapwa mwaka 1705. Yeye mwenyewe alikubali kwamba kwa kazi za kila siku alama 10 zinatosha. Alichotafuta ni utaratibu uliofichwa ndani ya hesabu.

Alikufa Hannover mwaka 1716. Watu wa jumba la mtawala, alipotumika miaka 40, hawakuja kumzika. Leo ordinateri na simu zinahesabu kwa 0 na 1.

Basi, wenzetu, tukipewa zoezi, tuandike kwanza safu zetu na kuzitazama vizuri. Faida itakuja nyuma, hata kama si sisi tutakaoiona.