Michael Faraday: Kijana wa kujalidi vitabu aliyetupa sumaku ya kugusa ubongo

Hebu tuanze na simu uliyoshika. Stima iliyoichaji, iwe imetoka Olkaria kwa mvuke au Masinga kwa maji, imezalishwa kwa ujanja mmoja: sumaku na nyaya za shaba, kimoja kikizunguka karibu na kingine. Aliyegundua ujanja huo alikuwa jamaa aliyesoma shule kidogo tu. Na ujanja huo huo ndio madaktari wanautumia siku hizi kuamsha ubongo wa mtu aliyepata kiharusi.

Jina lake Michael Faraday. Kama kwenu kuna shosho au mzee ambaye mkono wake umelala tangu apate kiharusi, soma taratibu. Kuna watu huko mtaani wanaouza bangili za sumaku kwa jina la tiba, na Faraday alishawajibu karibu miaka 200 iliyopita.

Alizaliwa Septemba 22, 1791, kusini mwa London. Babake alikuwa mhunzi, lakini mgonjwamgonjwa, siku nyingi hawezi hata kuinua nyundo. Watoto walikuwa wanne. Mwaka wa 1801 chakula kilipanda bei, na Michael akawa anapewa mkate mmoja wa kumtosha wiki nzima. Mtoto wa miaka tisa, mkate mmoja, Jumatatu hadi Jumapili. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu za kawaida, basi. Hesabu za juu hakuwahi kuziweza hadi kufa kwake, kwa hivyo wewe uliyekimbia fizikia kwa sababu ya hesabu, usijione uko peke yako.

Akiwa na miaka 13 alianza kutumwatumwa na George Riebau, muuza vitabu, kupeleka magazeti kwa wateja. Mwaka uliofuata akaingia uanagenzi wa miaka saba wa kujalidi vitabu. Mwingine angeshona kurasa, apake gundi, aende zake. Huyu alikuwa anasoma anachoshona. Ensaiklopidia iliyoletwa kutengenezwa ikamfungulia habari za umeme, na kitabu cha kemia cha mama mmoja aitwaye Jane Marcet kikamkolea kabisa. Vijisenti alivyopata alinunulia chupa na vikorokoro, akaunda mashine yake ya umeme. Riebau, badala ya kumfokea kwamba anapoteza muda wa kazi, alimwacha. Sijui ni waajiri wangapi wangefanya hivyo leo.

Jioni kulikuwa na mihadhara ya sayansi, kiingilio shilingi moja. Aliyekuwa akimlipia ni kakake Robert, mhunzi kama baba yao. Kama umewahi kulipiwa kozi na bro au sista ambaye mwenyewe anasota, unaijua hiyo shilingi.

Mwaka wa 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia aliyekuwa nyota wa London wakati huo. Faraday alikaa, akaandika kila kitu, akachora vifaa vyote, kisha akaenda kuzijalidi hizo noti zikawa kitabu cha kurasa kama 300. Akamtumia Davy pamoja na barua ya kuomba kazi. Alikuwa ameshamwandikia mkubwa mwingine wa sayansi, asijibiwe. Davy alimjibu, wakaonana, akamshauri ashikilie kazi yake ya vitabu kwa sababu sayansi haina pesa. Muda si mrefu msaidizi wa maabara akapigana kazini, akafutwa. Machi 1, 1813, Faraday akachukua nafasi hiyo katika Royal Institution: mshahara kiasi, vyumba viwili vya juu kabisa, kuni na mishumaa. Alikuwa na miaka 21.

Usidhani mambo yalinyooka hapo. Davy alimchukua ziara ya Ulaya ya mwaka mmoja na nusu, na mkewe Davy akamfanya Faraday boi wa nyumbani hadi kijana akakaribia kurudi zake. Alivumilia, akajifunza Kifaransa na Kiitaliano, akaonana na wanasayansi wakubwa wa bara hilo. Mwaka wa 1821 alimwoa Sarah Barnard, na mwaka huo huo akaufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku, jambo ambalo ni mbegu ya kila mota unayoijua. Baadaye alipopendekezwa kuingia Royal Society, aliyempinga ni Davy yule yule. Bado aliingia, mwaka wa 1824.

Sasa fika kwenye siku yenyewe. Agosti 29, 1831. Faraday amechukua pete ya chuma, akazungushia waya upande mmoja, akazungushia waya mwingine upande wa pili. Hizo nyaya mbili hazigusani. Wa kwanza ameuunganisha na betri, wa pili na sindano ya kuonyesha umeme. Akaiunganisha betri. Sindano ikaruka, kisha ikarudi mahali pake. Betri bado imeunganishwa, umeme bado unapita kwenye waya wa kwanza, lakini sindano imetulia tuli. Akaikata betri: sindano ikaruka tena, upande wa pili.

Oktoba akafanya rahisi zaidi. Alichukua sumaku kama kijiti akaisukuma ndani ya koili ya waya. Sindano ikacheza. Akaiacha sumaku humo ndani. Kimya. Akaivuta nje. Ikacheza. Hapo ndipo penye ugunduzi wote: sumaku iliyotulia haizalishi umeme. Inayosogea, au inayopanda na kushuka nguvu, ndiyo inayozalisha.

Ilichukua muda mrefu mtu kuijaribu kanuni hiyo kwenye kichwa cha binadamu ikafanya kazi sawasawa. Mwaka wa 1896 Mfaransa d'Arsonval aliwaingiza watu vichwa ndani ya koili kubwa, nao wakaona vimulimuli machoni. Kisha mwaka wa 1985, mjini Sheffield, Anthony Barker na wenzake wakaweka koili juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha umeme mkali wa kufumba na kufumbua, na mkono wa mtu ukashtuka wenyewe. Hakuna upasuaji wala sindano. Uga wa sumaku hupanda na kushuka chini ya sehemu ya elfu ya sekunde, unapita kwenye fuvu kama halipo, na kwa kuwa ubongo hupitisha umeme, mkondo mdogo unazaliwa humo ndani na kuziamsha seli. Kumbuka zile nyaya mbili za Faraday. Koili ni waya wa kwanza. Ubongo ndio waya wa pili.

Kwa kiharusi, wazo lenyewe ni hili. Pande mbili za ubongo huwa zinazuiana kwa kipimo. Upande mmoja ukiumia, ule mzima unaweza kuukandamiza ule mgonjwa kupita kiasi. Basi wataalamu hutuma midundo ya polepole, kama mmoja kwa sekunde, kuutuliza upande mzima, au midundo ya haraka kuuchangamsha ule ulioumia. Kisha mgonjwa anafanya mazoezi ya mkono.

Je, inafanya kazi? Tafiti nyingi ndogo zimetoa matumaini. Lakini jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka wa 2018, lenye wagonjwa karibu 200, liligawa watu: baadhi wakapata sumaku ya kweli, wengine ya kuigiza, na wote wakafanya mazoezi. Makundi yote mawili yaliimarika karibu sawa. Kwa hivyo mtu akikuambia mashine hii peke yake itamwinua mzee kitandani, anakuuzia ndoto. Kilichowainua wale watu, kwa sehemu kubwa, ni mazoezi yenyewe, yale ya kuchosha ya kushika kikombe mara mia. Na mashine si ya kila mtu: mwenye chuma kichwani, kifaa cha moyo, au historia ya kifafa lazima amwambie daktari kabla ya chochote.

Na bangili? Bangili ya sumaku imekaa tu mkononi. Kwa kipimo cha 1831, sindano haisongi.

Faraday mwenyewe hakuwa na subira na mambo ya namna hiyo. Mwaka wa 1853 London ilishikwa na wazimu wa meza zinazojisogeza, watu wakisema ni mizimu, wengine wakisema ni umeme au sumaku. Alitengeneza kifaa kidogo chenye vibao na vijiti vya kubingirika, akakiweka chini ya mikono ya waliokaa mezani, kikaonyesha kwamba wao ndio waliokuwa wakisukuma bila kujijua. Waliposhuhudia kifaa kikisogea, meza iliacha kutembea.

Kinachouma katika hadithi hii ni kwamba ubongo uliomsumbua zaidi ulikuwa wake. Kuanzia karibu mwaka wa 1840, akielekea miaka 50, kizunguzungu na maumivu ya kichwa vilimwangusha, na kumbukumbu ikaanza kumtoroka. Mkewe alimpeleka Uswisi kupumzika, na huko alikuwa anatembea milimani maili nyingi kwa siku. Mwili ulikuwa sawa. Kilichokuwa kinapotea ni majina, na mambo aliyoyafanya jana. Alirudi maabara hata hivyo, na mwaka wa 1845 akaonyesha kwamba sumaku inaweza kuugeuza mwanga. Alijitegemeza kwa daftari lake la majaribio, kila aya na namba yake, hadi zikapita 16,000. Cheo cha Sir alikikataa. Urais wa Royal Society aliukataa pia.

Machi 1862 alifanya jaribio lake la mwisho. Aliweka mwali wa moto kati ya ncha za sumaku kubwa kuona kama rangi za mwanga wake zitabadilika. Hakuona badiliko lolote, na hivyo ndivyo alivyoandika. Mwaka wa 1896 Mholanzi Pieter Zeeman alirudia kwa vifaa bora, akaliona, na likamletea tuzo ya Nobel. Faraday hakuwapo. Alifariki Agosti 25, 1867, ameketi kwenye kiti chake Hampton Court, akazikwa Highgate bila shamrashamra, kama alivyotaka.