Carey Francis: Mwanahisabati wa Cambridge aliyekuja kufundisha hesabu kando ya Ikweta

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, swali linalotufikia studio hapa Bariadi ni lile lile: kwa nini Hisabati? Katika mitihani ya miaka ya karibuni, takribani watahiniwa watatu kati ya kila wanne nchini wamekuwa wakianguka somo hilo. Mtoto anafaulu Kiswahili, anafaulu Jiografia, halafu Hisabati anapata F. Mzazi anahitimisha kwamba mwanawe hana kichwa cha hesabu, na mtoto mwenyewe anaamini hivyo maisha yake yote.

Walimu ninaozungumza nao kwenye vipindi vya elimu hunitajia mahali ambapo wengi huanza kupotea: aljebra. Ni pale ambapo namba inaondoka na herufi inaingia. Kwa shule zetu za serikali shida hii huja mara mbili, kwa sababu mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba anakutana na x na y za sekondari zikifundishwa kwa Kiingereza.

Mimi ni mmoja wao. Nilisoma sekondari wakati Bariadi bado ni wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijaanzishwa mwaka 2012. Nakumbuka mwalimu alichora mistari miwili ubaoni, mmoja umesimama na mwingine umelala, akaandika y juu na x pembeni, akaendelea na somo. Sikujua mistari ile ilitoka wapi wala ilikuwa ya kazi gani. Nilinakili kama wenzangu. Nimekuja kuielewa grafu nikiwa mtu mzima.

Ndiyo sababu wiki hii nimechagua kuwasimulia maisha ya mwalimu mmoja wa hisabati. Alifariki miaka mingi iliyopita, nchi jirani ya Kenya, lakini swali alilolijibu kwa maisha yake bado ni letu: je, hesabu za mwanzo ni kazi ndogo ya kuachiwa mwalimu yeyote?

Kijana wa London

Edward Carey Francis alizaliwa Hampstead, London, mwezi Septemba 1897. Alisoma shule ya William Ellis, ambako alijulikana kwa hesabu na kwa michezo. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, alitumika katika jeshi la Uingereza upande wa mizinga. Vita vilipokwisha alikwenda kusoma hisabati Chuo cha Trinity, Cambridge, na akafanya vizuri kiasi kwamba chuo kingine cha hapo hapo, Peterhouse, kilimchukua kuwa mhadhiri na msimamizi wa masomo ya hisabati.

Peterhouse kilianzishwa mwaka 1284 na ndicho kikongwe kuliko vyuo vyote vya Cambridge. Kwa mwanahisabati kijana, kupata nafasi pale ilikuwa sawa na kufika. Katikati ya miaka ya 1920 Francis alikuwa akichapisha utafiti wake kuhusu nadharia ya intigrali, hisabati ya juu ambayo hata wahitimu wengi wa chuo kikuu hawaifikii. Mbele yake kulikuwa na kazi ya heshima, nyumba nzuri na wanafunzi waliochujwa kutoka Uingereza nzima.

Mwaka 1928 aliacha vyote hivyo. Alijiunga na shirika la kimisionari la Kanisa la Anglikana, CMS, akapanda meli kuja Afrika Mashariki. Alipelekwa kuwa mkuu wa Shule ya Maseno, iliyoanzishwa na shirika hilo mwaka 1906 katika eneo la Nyanza. Baadhi ya watu Cambridge walishangaa. Mtu wa intigrali anakwenda kufundisha vijana kujumlisha sehemu na kutafuta x?

Maseno, mahali pa sifuri

Maseno si mbali nasi kama jina linavyosikika. Ukitoka Bariadi ukaelekea kaskazini moja kwa moja, ukapita usawa wa Bunda na Musoma na kuingia Kenya, baada ya kilometa zaidi ya 300 unafika. Mstari wa Ikweta unapita pale pale.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu ramani inaeleza kile ambacho mimi sikukielewa darasani. Ikweta ndiyo mstari wa sifuri unaolala. Mstari wa sifuri unaosimama unapita Greenwich, London. Mahali popote duniani panatajwa kwa namba mbili: umbali wa kwenda mashariki au magharibi kutoka mstari unaosimama, na umbali wa kwenda juu au chini kutoka mstari unaolala. Wanahisabati huita umbali wa kwanza x na wa pili y. Ukienda mashariki x ni chanya, ukienda magharibi ni hasi. Ukipanda kaskazini y ni chanya, ukishuka kusini ni hasi.

Kwa nyuzi za ramani, Bariadi yetu ina x ya kama 34 na y ya kama hasi 2.8, maana tuko kusini ya Ikweta. Maseno ina x ya kama 34.6 na y ya sifuri. Cambridge ina x ya kama 0.1 tu, kwa kuwa iko karibu sana na mstari wa Greenwich, na y ya kama 52.2. Kwa hiyo Francis aliondoka karibu na mhimili mmoja wa dunia akaja kuishi juu ya mhimili mwingine. Ukiweka alama tatu hizo kwenye karatasi ya miraba, tayari umechora grafu.

Alikaa Maseno miaka 12. Alifundisha, aliendesha shule, alisimamia michezo. Miongoni mwa vijana waliopita Maseno alikuwamo Oginga Odinga, aliyekuja kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya. Francis pia aliandika vitabu vya hesabu, mfululizo uliojulikana kama Highway Arithmetic, vilivyotumika katika shule za Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Fikiria mtu aliyekuwa akiandikia wataalamu wenzake kuhusu intigrali, sasa anakaa mezani kutafuta mfano utakaoeleweka na mtoto wa shule ya msingi. Aliifanya kazi hiyo kwa uzito ule ule.

Mlinganyo kwenye mzani wa pamba

Kabla hatujaendelea na maisha yake, tuone kazi hiyo ya msingi ni kitu gani hasa. Mfano huu ni wangu, wa hapa kwetu.

Tuseme kilo ya pamba inanunuliwa kwa shilingi 1,200. Mkulima alichukua mbegu na dawa kwa mkopo wa shilingi 60,000, zitakazokatwa siku ya kuuza. Anataka kujua ataondoka na nini. Kilo zake hazijulikani hadi mzani useme, basi tunaziita x. Fedha atakazobaki nazo tunaziita y. Mlinganyo wetu ni huu: y = 1,200x − 60,000.

Herufi x hapo haina uchawi. Ni nafasi iliyoachwa wazi kusubiri mzani, kama pengo kwenye fomu.

Sasa tuuchore. Kama hakuvuna kitu, x ni sifuri, na y ni hasi 60,000: anadaiwa. Akileta kilo 50, anapata 60,000, deni linaisha, na y ni sifuri. Akileta kilo 100, anapata 120,000, anakatwa, anabaki na 60,000. Weka alama hizo tatu kwenye grafu, kisha pitisha rula. Utaona zimekaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, unaoanzia chini ya mhimili unaolala na kuukata kwenye 50.

Pale mstari unapoukata mhimili ndipo jibu la swali la mkulima lilipo: ni lazima avune kilo 50 kwanza kabla shilingi moja haijawa yake. Ukikokotoa bila kuchora unafika hapo hapo. Unaweka sifuri mahali pa y, unahamisha 60,000 upande wa pili, unagawanya kwa 1,200, unapata 50. Kutafuta x na kuchora grafu si mada mbili. Ni swali moja lililoulizwa kwa njia mbili, na njia moja inaisahihisha nyingine.

Faida yake haiishii kwenye mtihani. Mkulima huyo akileta kilo 80, hesabu inasema aondoke na 36,000. Akihesabiwa 30,000 mkononi, anajua palepale kwamba 6,000 hazipo na anaweza kuuliza. Asiyejua mlinganyo huo atashukuru na kuondoka.

Alliance na miaka ya hatari

Mwaka 1940 Francis alihamishiwa Shule ya Sekondari ya Alliance, Kikuyu, karibu na Nairobi. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti, na aliiongoza kwa miaka 22. Chini yake ikawa shule iliyosifika kuliko nyingine za Waafrika nchini Kenya. Wanafunzi wake walifanya mitihani ile ile ya Cambridge iliyofanywa na wenzao wa Uingereza, wakafaulu, katika enzi ambayo walowezi wengi walidai Mwafrika hawezi masomo kama hisabati. Matokeo yaliwajibu.

Lakini tusimpambe. Francis alikuwa mkali, na viboko vilikuwa sehemu ya utawala wake. Hakuwa na mke wala watoto. Shule ilikuwa maisha yake yote, na alitaka iwe hivyo kwa wengine pia. Aliamini katika usimamizi wa Wazungu kwa muda mrefu kuliko Waafrika wengi walivyoweza kuvumilia, na siasa za kudai uhuru hazikumpendeza. Alimheshimu mwanafunzi wake kwenye karatasi ya mtihani kuliko alivyomwamini katika kuendesha nchi yake mwenyewe.

Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, alijikuta katikati. Aliipinga Mau Mau waziwazi. Wakati huo huo alilalamikia serikali kuhusu ukatili wa askari wake dhidi ya raia, jambo ambalo Wazungu wengi wa Kenya hawakutaka kulisikia. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Alliance mwaka 1955, alikuwa na kaka msituni pamoja na wapiganaji. Muhula wa kwanza ulipokwisha alirudi nyumbani akakuta kijiji chao kimebomolewa. Miaka mingi baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu maisha yake katika shule hiyo, na mkuu wa shule yumo, pamoja na ukali wake na uadilifu wake.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, mawaziri kadhaa wa baraza la kwanza walikuwa wamesoma Alliance. Wale ambao mwalimu wao alidhani wanahitaji muda zaidi, walikuwa tayari.

Kurudi darasani

Sehemu ya maisha yake inayonigusa kuliko zote ni ya mwisho. Mwaka 1962 Francis aliacha ukuu wa Alliance. Alikuwa na miaka 65 hivi. Angeweza kurudi Uingereza kupumzika. Badala yake alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini mashariki mwa Nairobi, akaomba kufundisha katika sekondari ya hapo. Safari hii hakuwa mkuu. Alikuwa mwalimu wa kawaida, chini ya mkuu mwingine, akifundisha vijana ambao hawakuchujwa na yeyote.

Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki Nairobi, Julai 27, 1966, akiwa na miaka 68.

Funzo kwa Simiyu

Mkoa wetu umejaribu mengi. Tumeona makambi ya kitaaluma ya wanafunzi wa madarasa ya mitihani, na wilayani Maswa vijana wametengeneza chaki zinazoandikia mbao za madarasa yetu. Ni juhudi za kupongezwa. Lakini kambi ya kidato cha nne humkuta mwanafunzi miaka mitatu baada ya kupotea. Yule aliyenakili mistari miwili ya grafu kidato cha kwanza bila kuielewa, kama mimi, anafika kambini akiwa amebeba pengo ambalo wiki chache haziwezi kuliziba.

Shule nyingi humpa mwalimu bora madarasa ya mtihani, na kidato cha kwanza kinapewa atakayepatikana. Maisha ya Carey Francis yanapendekeza kinyume. Mtu aliyeijua hisabati hadi kileleni aliona kwamba mahali panapomhitaji zaidi ni chini, pale x inapoingia kwa mara ya kwanza. Wakuu wa shule zetu wanaweza kulijaribu hilo Januari ijayo bila bajeti mpya, kwa kubadili tu ratiba ya vipindi.

Na wewe mwanafunzi unayesoma makala hii, chukua karatasi ya miraba jioni ya leo. Chora mistari miwili, weka mlinganyo wetu wa pamba, kisha badilisha deni liwe shilingi 84,000. Mstari utaukata mhimili wapi? Ukokotoe kwanza, halafu uchore. Majibu yakifanana, umeelewa. Yakitofautiana, usiseme huna kichwa cha hesabu. Tafuta hatua uliyokosea, kisha rudia.