RAMADHANI YA 12: MADAFTARI YA IMAM GHAZALI

Leo tumtazame Imam Abu Hamid al-Ghazali, Allah amrehemu, yule mwenye Ihyaa.

Alizaliwa mwaka 450 Hijria (1058) mji wa Tus, katika nchi iitwayo Iran leo. Baba yake alikuwa maskini, akisokota nyuzi za sufi ya kondoo, na alijuta maisha yake yote kwamba hakujifunza kuandika. Alipokaribia kufa akamkabidhi rafiki yake mcha Mungu wanawe wawili, Abu Hamid na Ahmad, awasomeshe. Akiba ikaisha. Yule mzee akawaambia waziwazi hana tena cha kuwalisha, bora waingie madrasa ambako wanafunzi hupewa chakula. Wakaenda. (Basi tusiwacheke watoto wanaokuja chuoni kwa ajili ya uji.)

Alipokuwa kijana alisafiri mpaka Jurjan kutafuta elimu. Huko aliandika, akaandika, mpaka akawa na mzigo wa makaratasi. Akafunga safari ya kurudi kwao. Njiani majambazi wakauvamia msafara, wakachukua kila kitu.

Inasimuliwa kuwa kijana huyu aliwafuata nyuma. Mkuu wao akamtishia arudi asije akauawa. Hakurudi. Akamwomba amrudishie zile karatasi tu, maana wao haziwafai kitu, na yeye aliihama nyumba yao kwa ajili ya elimu iliyomo humo. Yule jambazi akacheka. Akamuuliza anadaije kuwa ana elimu, na kumbe ukimnyang'anya mfuko tu anabaki mtupu. Kisha akaamuru apewe mfuko wake.

Ghazali hakukasirika. Aliona ni Mungu aliyemsemesha mwizi ili amwongoze yeye. Alipofika Tus akakaa miaka 3 akiyahifadhi yote aliyoandika, hata akiporwa tena asipoteze kitu. Hebu ipigeni hesabu hiyo: miaka 3 ya kurudia yaliyokwisha kusomwa!

Sisi je? Khutba tunarekodi, ubao wa darsa tunaupiga picha, vitabu tunatumiana kwenye simu, halafu tunasema nitasoma baadaye. Mimi mwenyewe simu yangu iliwahi kuingia maji, na darsa zangu za Ramadhani nzima zimo humo. Nilipokaa kuziandika upya nikagundua kitu: nilizokumbuka ni zile nilizomweleza mtu kwa mdomo, bila kutazama. Zile nilizozisoma tu, hata mara tano, zimeyeyuka. Chuo cha ualimu walitufundisha hivyo, nami nikaandika daftarini, nikafunga daftari.

Baada ya Tus, Ghazali alikwenda Nishapur kwa Imam al-Juwayni, akabaki naye mpaka sheikh huyo alipofariki mwaka 478 (1085). Mwaka 484 (1091) akawa mwalimu wa Nidhamiya ya Baghdad, akifundisha wanafunzi wapatao 300. Miaka 4 baadaye ulimi wake ukafungika, akashindwa kusomesha, akauacha mji. Hiyo ni habari nzito na inataka siku yake, tutaiona kesho inshaallah.

Leo darsa ni baada ya Alasiri kama kawaida. Simu zibaki mifukoni, na kabla ya adhana ya Magharibi kila mmoja amweleze jirani yake alichosikia jana.