KRAPF, MGENI ALIYEOKOTA MANENO

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, huko ng'ambo karibu na bahari kuna kaburi la mama mmoja. Wengi hulipita bila habari nalo. Aliyelala pale ni Rosine, na ukitaka kumjua mumewe, Johann Ludwig Krapf, afadhali uanzie hapo kaburini kuliko kwenye mlima ambao vitabu vya Historia humsifia.

Krapf alizaliwa mwaka wa 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen huko Ujerumani. Babake alikuwa mkulima. Alipokuwa mvulana wa miaka 11 hivi, jirani mmoja alimdhania kuwa mtoto mwingine aliyemkosea, akamchapa vibaya hata akaugua kwa miezi kadhaa. Kitandani hakuwa na la kufanya ila kusoma Biblia. Baadaye shuleni aliona ramani ya Afrika ambayo upande wa mashariki ulikuwa mtupu, majina ya kuhesabu tu. Utupu ule ukamwingia kichwani, ukakataa kutoka.

Alisomea umisionari huko Basel, Uswisi, na mwaka wa 1837 akatumwa Uhabeshi na chama cha Waingereza kiitwacho CMS. Huko Tigre alifukuzwa. Akajaribu Shoa, akakaa miaka kama mitatu kwa mfalme Sahle Selassie, akajifunza lugha ya Waoromo. Waoromo ndio aliowataka hasa. Alikuwa na imani kwamba wakiisha kuokoka hao, Afrika nzima itafuata. Mwaka wa 1842 alimwoa Rosine huko Misri, lakini alipotaka kurudi naye Shoa, njia ilikuwa imefungwa. Walipokuwa wakihangaika jangwani mwaka wa 1843, Rosine alijifungua kabla ya siku zake, na yule binti akafa. Walimzika njiani wakaendelea na safari. Hebu fikiria, wamefunga ndoa majuzi tu!

Basi Krapf akaona, mlango wa mbele ukifungwa, jaribu wa nyuma. Wakapanda chombo kutoka Aden, wakafika Unguja mapema mwaka wa 1844. Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu na alijua wazi mgeni huyu amekuja kuhubiri nini. Mwaka huohuo wakahamia Mombasa. Kwa hiyo Mombasa ilikuwa njia tu, si mwisho wa safari. Na Kiswahili hakukitafuta kwa mapenzi, alikihitaji ili apite.

Mwezi wa Julai homa iliwashika wote wawili, na Rosine alikuwa mja mzito tena. Akajifungua binti mwingine. Tarehe 13 Julai Rosine akafariki, na siku chache baadaye mtoto naye akamfuata mamake. Krapf mwenyewe alikuwa taabani kwa homa, hata kuinuka kitandani kulikuwa shida. Wakazikwa upande wa bara. Mtu mwingine angepanda jahazi la kwanza akaenda zake kwao, na nani angemlaumu? Yeye aliandika kwa wakubwa wake kwamba kaburi hilo ni dalili kuwa kazi imeanza. Mimi maneno hayo yamenisumbua. Sijui kama ni ushujaa au ni kujikaza tu, maana mwanamume aliyezika mke na mabinti wawili ndani ya miaka miwili lazima atafute pa kushika.

Alishika lugha. Mwezi mmoja kabla ya msiba alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kimvita, na aliyemsaidia, amini usiamini, ni kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin. Baada ya mazishi aliendelea. Alikuwa akiokota maneno kila mahali: kwa mabaharia, kwa wazee, kwa Wanyika, ambao leo twawaita Wamijikenda. Aliyaandika kwa herufi za Kirumi, wakati Waswahili wenyewe walikuwa wamezoea kuandika kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla yake. Msije mkadanganywa ati yeye ndiye aliyetufundisha kuandika! Hati za tenzi za kale alizozipata, mojawapo ule utenzi wa Herekali, alizipeleka Ujerumani.

Mwaka wa 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann. Mwezi wa Agosti wakahamia Rabai, wote wawili wagonjwa, wana punda mmoja wanampanda kwa zamu. Mahubiri hayakuzaa sana. Watu waliwasikiliza kwa adabu, wakarudi shambani. Aliyewaamini mwanzo alikuwa Mringe, mtu mlemavu na mgonjwa, aliyebatizwa karibu na kufa kwake.

Safari ndizo zilizompa jina. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani kwa mzee Kivoi, aliona kilele cheupe cha mlima ambao Wakamba walimtajia, na jina alilolisikia ndilo limekuwa jina la nchi yetu. Wenyeji walikuwa wakiuona kila asubuhi, bila shaka, ila huko Ulaya wataalamu wa mezani walicheka: theluji kwenye Ikweta? Mwaka wa 1851 alirudi. Karibu na mto Tana wanyang'anyi wakawavamia, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbilia porini peke yake. Alipofika mtoni alijaza maji katika mitutu ya bunduki yake akaziba kwa nyasi. Kumbe miiba ya vichaka ilizing'oa zile nyasi, maji yote yakamwagika. Jamaa za Kivoi nao wakamtia lawamani kwa kifo cha mzee wao. Alitoroka usiku, akafika Rabai watu wakidhani amekwisha kufa.

Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliandika vibaya kuhusu Uislamu na mila za watu waliomlisha na kumfundisha, na maandishi hayo yapo, yanasomeka. Lakini hakuchoka kuwauliza hao hao jambo hili huitwaje.

Afya ilimshinda, akaondoka mwaka wa 1853. Alirudi kwa muda mfupi mwaka wa 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, kisha akaenda zake Korntal, Ujerumani. Waoromo wake hakuwafikia tena. Huko aliendelea na kamusi yake ya Kiswahili hata macho yakadhoofika. Usiku mmoja wa Novemba 1881 alipiga magoti kando ya kitanda asali, na asubuhi wakamkuta hivyohivyo, amekufa. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata, zaidi ya kurasa 400 za maneno ya Mvita. Hakuiona.

Rabai kuna makumbusho yenye jina lake. Yeye alizikwa kwao, na Rosine yuko kwetu, upande wa Nyali.