Robert Koch: daktari aliyetufundisha kuotesha vijidudu vya tumbo

Mgonjwa wa kuharisha akitoka Rugu na kufika hospitali kubwa, huenda akaambiwa majibu ya choo yasubiriwe siku mbili au tatu. Wengi wetu huona tunacheleweshwa tu. Kusubiri huko kulianza na Robert Koch.

Alizaliwa Clausthal, Ujerumani, mwaka 1843. Akiwa daktari wa wilaya, maabara yake ilikuwa nyumbani kwake. Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri, akaenda Alexandria, kisha Calcutta, India. Ndani ya matumbo ya waliokufa aliona vijidudu vilivyopinda kama alama ya mkato. Mwitalia Filippo Pacini alikuwa ameviona kwa hadubini tangu 1854, ila hakusikilizwa. Tena kwenye choo mna vijidudu vya kila aina, na kwa macho vingi hufanana. Koch alivitandaza juu ya chakula kilichoganda kama uji uliopoa, kila kimoja kikazaana mahali pake, akachukua kundi moja safi. Vijidudu hivyohivyo alivikuta kwenye bwawa ambalo watu walichota maji ya kunywa.

Mwaka 1896 Mfaransa Fernand Widal alileta kipimo cha damu cha homa ya matumbo, yaani taifodi. Ni cha haraka, lakini hupima kinga ya mwili, si kijidudu chenyewe. Aliyeugua zamani anaweza kuonekana anaumwa leo, akapewa dawa za taifodi kumbe ana malaria. Kuotesha damu au choo huchukua siku, lakini huonyesha kijidudu chenyewe na dawa inayokiua. Siku hizi kuna pia kijiti cha kupima kipindupindu, chenye majibu kwa dakika chache. Hicho kinafaa kupiga mbiu mapema kijijini. Uthibitisho bado ni kuotesha.

Koch alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1905 kwa kazi yake ya kifua kikuu. Mwaka 1906 alikuja ziwani kwetu, akapiga kambi visiwa vya Sese, Uganda, kutafuta dawa ya malale. Hapo hatumsifu: aliongeza kipimo cha dawa ya atoksili na baadhi ya wagonjwa wakapofuka kabisa. Aliondoka mwaka 1907, akafariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.